Baba mdogo, Bangkok, na bima ya kumuonyesha trafiki

Jumapili moja baada ya misa tumekaa kwa baba mdogo Tabata, mtori umeisha, watu wanasinzia sinzia, ye akaingia chumbani akatoka na bahasha ya kaki akanitupia mapajani. "Soma hiyo, si ndo kazi yako." Kazi yangu ni uhasibu, ofisini Posta nahesabu hela za watu, sijawahi kuwa wakili wala afisa uhamiaji, ila kwenye ukoo wetu ukishamaliza chuo tu basi kila karatasi yenye kiingereza inakuja kwako, kuanzia maelekezo ya dawa ya mbwa mpaka mkataba wa kiwanja. Nikafungua. Kurasa saba alizoprintiwa steshenari, masharti ya viza ya wastaafu, Thailand.

Nikamwangalia. Nikamwangalia na mama mdogo. Mama mdogo akaangalia dari.

"Baba mdogo, unahama?"

"Napumzika," akasema. "Kuhama ni kwa vijana."

Ili mnielewe inabidi mumjue huyu mzee. Ana miaka 67, Mchaga wa Kibosho, Kariakoo kaingia kijana na katoka juzi juzi tu alipowaachia watoto fremu. Miaka ya tisini, kabla watu hawajaanza kwenda Guangzhou kama wanaenda Mwenge, wafanyabiashara wa nguo wengi wa Kariakoo walikuwa wanafuata mzigo Bangkok, na ukiambiwa hii nguo ya Bangkok ujue bei imepanda hapo hapo. Ye kaanza kwenda 1994. Anafikia Pratunam kule kwenye masoko ya nguo, anakaa wiki, anafunga mafurushi, anarudi. Kaenda mara nyingi mpaka kithai anajua asante na "punguza bei", na "punguza bei" anaisema vizuri kuliko asante. Afu kuna rafiki yake wa siku nyingi, mtu wa madini, alikuwa anapeleka mawe Chanthaburi kwenye lile soko lao la vito, akabaki huko huko, na huyo ndo kila asubuhi anamtumia picha za maembe. Moshi kuna baridi, magoti hayataki. Dar kuna joto analolipenda ila kuna foleni na wapangaji. Bangkok kuna joto, kuna foleni, ila wapangaji wake hawapo. Hesabu yake ndo hiyo na mi sikuona pa kuipinga.

Nikaanza kusoma nikitegemea kigingi kitakuwa kwenye hela. Wapi. Viza yenyewe inaitwa O-A, umri ni kuanzia miaka 50, hapo alishapita zamani. Hela wanataka uonyeshe baht 800,000 benki, kwa zetu ni kama milioni sitini na kitu inategemea umeangalia siku gani, au kipato cha baht 65,000 kila mwezi ambacho ni kwenye milioni tano hivi. Baba mdogo hana pensheni, mtu wa Kariakoo pensheni yake ni vyumba vya kupangisha, ila alikuwa ameuza kiwanja Goba kwahiyo hela ipo, na uzuri wa hii O-A ni kwamba wakati unaomba hela inaweza kukaa benki ya huku huku nyumbani. Cheti cha tabia njema toka polisi, ukachukuliwe alama za vidole, sawa. Huruhusiwi kufanya kazi, sawa kabisa. Kila siku 90 unaripoti uhamiaji kwamba bado unakaa pale pale, akacheka, "hata hapa mjumbe anajua ninapokaa."

Afu tukafika kwenye cheti cha daktari, na hapa naomba nikae kidogo maana mpaka leo pananichekesha na pananiuma. Serikali ya Thailand inataka daktari athibitishe kwamba huna ukoma, huna kifua kikuu, sio mteja wa madawa ya kulevya, huna matende, na huna kaswende iliyofika hatua ya tatu. Basi. Matende, jamani! Ugonjwa ambao sisi watu wa pwani tunaujua kwa macho, tumekua tunawaona wazee Temeke na miguu yao, kumbe na huko wanaujua. Baba mdogo akanisikiliza mpaka mwisho akapiga paja, "Sina hata moja. Mimi mzima." Na kweli, kwa karatasi ile yeye ni mzima. Sukari aliyonayo tangu 2009 haijaulizwa, presha haijaulizwa, na ile stenti, kibomba cha chuma aliyowekewa kwenye mshipa wa moyo pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (na walimhudumia vizuri, Mungu awabariki, alikuwa anatembea kesho yake) haijaulizwa popote.

Haijaulizwa na serikali. Ukurasa wa tano ndo nikakutana na aliyekuja kuuliza.

Bima ya afya. Ukiomba O-A lazima uwe na bima itakayokulinda muda wote utakaokaa Thailand. Hii haikuwepo zamani. Ilianza tarehe 31 Oktoba 2019, na kipindi hicho kiwango kilikuwa cha kawaida tu, baht 40,000 kwa matibabu ya kwenda na kurudi na baht 400,000 kwa kulazwa, yaani milioni tatu na milioni thelathini hivi. Sababu walisema wazi, wageni walikuwa wanalazwa, wanatibiwa, afu bili wanaiacha hapo kitandani. Na Thailand sio nchi ya kuchezewa kwenye hospitali, watu wanatoka mabara mengine kwenda kutibiwa Bangkok, hospitali ya Bumrungrad peke yake ipo tangu 1980, na raia wao wenyewe wana mpango wa bima ya afya kwa wote tangu 2002 wakati sisi sheria yetu ya bima kwa wote imepita 2023. Lakini mpango ule ni wa raia, mstaafu wa Tabata hayumo. Ilipofika 2021, korona imeshapita na hospitali zao, wakapandisha wakaandika bima isiwe chini ya dola 100,000, au baht milioni 3. Kwa zetu ni zaidi ya milioni mia mbili.

Watu wengi wakiiona hiyo namba ndo wanashtuka. Mi ningewaambia namba isiwatishe, hiyo ni kiasi ambacho kampuni itakulipia ukiumwa, sio unachotoa wewe mfukoni, na kwa kijana wa miaka 35 asiye na tatizo kampuni inakuuzia bila kelele. Kinachotakiwa kukutisha ni swali la nani atakubali kukuuzia.

Baba mdogo akatoa kwenye waleti kadi yake ya NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya. "Hii je?" Alikata vile vifurushi vilivyokuja mwishoni mwa 2019, Najali, Wekeza na Timiza, ye akaenda moja kwa moja kwenye Timiza maana ndo ilikuwa ya juu, na kadi ameitunza kama hati ya nyumba. Nikamwambia baba mdogo hii kadi inaishia mpakani, ukifika Namanga inabaki kuwa picha yako tu.

Wiki iliyofuata akanipigia kwa furaha kwamba ishu imeisha. Kaenda kwa wakala mmoja mjini, jina naliacha, kamkatia bima ndani ya dakika kumi, bei poa, kapewa na karatasi yenye muhuri wa bluu. Nikaipitia jioni kwenye mwendokasi nikiwa nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba. Ilikuwa bima ya safari. Siku 92, dharura tu, umri ukizidi 65 kiwango kinashuka nusu, na chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi wameandika hawahusiki na ugonjwa wowote uliokuwepo kabla ya safari. Yule wakala sidhani hata kama alikuwa tapeli, nadhani ye kasikia neno viza tu, na mtu wa Dar akisikia viza na bima kwenye sentensi moja akili inaenda kwenye ile ya Schengen ya euro 30,000 ambayo kila anayekwenda Ulaya kusalimia anakata. Kwa mtu wa wiki mbili ile inatosha. Kwa mtu anayeenda kuishi ni kama kuhamia nyumba mpya na hema. Hela hakurudishiwa yote, walikata "gharama za ofisi", na baba mdogo mtu wa Kariakoo aliyezoea kukata wenzake hiyo ilimuuma kuliko viza yenyewe.

Basi tukaanza upya, safari hii kwa utaratibu. Thailand wana fomu yao, kampuni ya bima ya nje inatakiwa iijaze na kuisaini, inathibitisha kwamba huyu mtu ana bima ya kiasi kadhaa, kuanzia tarehe hii mpaka hii, na inatumika Thailand. Karatasi ya kurasa chache tu. Nikadhani ni kupeleka na kugongewa muhuri.

Kampuni ya kwanza ya hapa hapa Dar, dada wa mapokezi mzuri tu, akasema bima yao inahusu Afrika Mashariki, na India kwa rufaa. Thailand haimo, na kiwango kiko kwa shilingi, fomu ya watu hawawezi kuisaini. Ya pili tulipitia kwa dalali wa bima za kimataifa, majibu yalikuja usiku huo huo kwa barua pepe, mstari mmoja na nusu, mwisho wa umri wa kujiunga ni miaka 65, asante kwa kutufikiria. Sikujua kama kuna umri ambao unakuwa umechelewa kuumwa. Ya tatu ndo ikatupa matumaini, ikatuma fomu ya maswali ndefu kuliko ya kuomba chuo, baba wa baba yako alikufa na nini, ulilazwa lini, unakunywa dawa gani na tangu lini.

Baba mdogo akaniangalia kwa jicho la biashara. "Hapo kwenye moyo uandike hapana."

"Baba mdogo."

"Kwani wananiona? Wako Ulaya."

Nikamweleza, na hili nalirudia hapa maana najua sio yeye peke yake anayewaza hivyo. Kampuni ya bima haikuchunguzi siku unalipa, inakuchunguza siku unadai. Siku unalipa we ni mteja, kila mtu anatabasamu. Siku unadai wanaomba faili lako la hospitali la miaka yote, na stenti ni kitu kipo ndani ya mshipa wa moyo, kipimo cha kwanza tu kinaionyesha, wakikuta uliandika hapana basi mkataba wote unafutwa, hata kama ulichoendea hospitali ni mguu umevunjika. Unakuwa umelipa miaka mitano kwa ajili ya kuonekana muongo. Akanung'unika, ila akaniacha niandike ukweli.

Majibu yalikaa wiki tatu. Wamemkubali! Nikapiga kelele ofisini watu wakageuka. Afu nikasoma kiambatanisho. Wamemkubali isipokuwa moyo na mishipa yote ya damu, isipokuwa sukari, isipokuwa presha, na isipokuwa chochote kinachoweza kuhusishwa na hivyo vitatu. Figo nayo wanaweza kuihusisha na sukari. Macho vilevile. Kidonda cha mguu ndo kabisa. Kiharusi ni mishipa ya damu. Halafu kila mwaka kiasi fulani cha mwanzo anajilipia mwenyewe, na ada inapanda kadri umri unavyopanda. Nikakaa nikawaza, ukimtolea huyu mzee moyo, sukari na presha, kinachobaki ni nini cha kuumwa? Kugongwa na bodaboda. Ambazo Bangkok nazo zipo tele, madereva wake wanavaa vizibao vya rangi ya chungwa.

Na utamu wa hii kitu ni huu, ile fomu ya Thailand kampuni ilikuwa tayari kuisaini. Baht milioni 3, ndiyo. Muda wote, ndiyo. Ubalozi ungeipokea na viza angepata.

Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho kwenye magari tumekijua siku zote. Kila mwenye gari Dar anajua kuna bima kubwa na bima ndogo, na tuseme ukweli, wengi wetu tunakata ile ndogo ili trafiki akisimamisha pale Ubungo tumuonyeshe. Haijakatwa kwa ajili ya ajali, imekatwa kwa ajili ya trafiki. Ukigonga mti, gari ni lako na mti. Sasa hii ya baba mdogo ilikuwa bima ndogo yenye bei ya bima kubwa, karatasi ya kumuonyesha trafiki wa uhamiaji, na siku moyo ukigoma saa nane usiku pale Bangkok angekuwa ye na mti wake.

"Si inakubalika ubalozini?" akauliza.

"Inakubalika."

"Basi."

Alitaka kusaini, kabisa. Nilibishana naye nikashindwa. Aliyemuweza ni mama mdogo, ambaye miezi yote hii alikuwa kimya anapukuchua maharage, na hakumuweza kwa hoja za bima, hana habari nazo, ye ni katibu wa kikoba cha kina mama wa jumuiya miaka kumi na moja sasa. Akamwambia: "Kuna mama alikuja mwezi uliopita anataka kuingia kwenye mchezo, na anataka apokee yeye wa kwanza, na mwezi ujao anahamia Songea. Tumkubali?" Baba mdogo akasema wajinga nyie mkimkubali. "Haya, na wewe unataka kuingia mchezo wa wazungu una miaka 67 na chuma kwenye moyo, unataka upokee wa kwanza. Unawashangaa nini wakikuambia ukae pembeni?"

Sijawahi kusikia mtu akieleza bima vizuri kuliko hapo na nimeshakaa kwenye semina za bima zenye chai na sambusa. Ni mchezo. Wanaoingia wakiwa wazima wanabeba walioumwa, na zamu yako ya kupokea inakuja baadae. Kampuni haimchukii mzee, inachoogopa ni mtu anayekuja kupokea bila kuchangia. Na ndo maana mi ningeshauri mtu aliye na miaka 45 sasa hivi ambaye anawaza wazo la kuja kuzeekea nje, iwe Thailand iwe wapi, asianzie kwenye kiwanja wala akaunti, aanzie kwenye bima ya kimataifa ambayo mkataba wake unasema utaendelea kuihuisha maisha yako yote bila kupimwa upya, na aikate kabla daktari hajamwandikia metformin, ile dawa ya sukari. Ndiyo, unalipa miaka ambayo huitumii, inauma, najua. Lakini ugonjwa ukikukuta uko ndani ya bima ni mgonjwa wao, ukikukuta nje ni "ugonjwa uliokuwepo kabla".

Sio Thailand tu wenye hizi. Binamu yangu aliyeko Barcelona alitaka amchukue mama yake kwa ile viza ya Hispania ya watu wasiofanya kazi, kule wanataka uonyeshe euro 2,400 kwa mwezi, kwenye milioni saba, na bima yao ni kali zaidi: kampuni iwe na kibali cha kufanya kazi Hispania, usiwe unachangia chochote ukienda kwa daktari, na pasiwe na kipindi cha kusubiri, ianze kufanya kazi siku ya kwanza. Kwangu mimi hao angalau wanauliza swali sahihi, wanataka karatasi itakayotibu kweli. Ila kwa mama wa miaka 70 mwenye sukari, swali sahihi ndo linafunga mlango kabisa.

Na tusijifanye tunaonewa. Baba mdogo akiwa na hasira akasema hawa watu wanatuuzia bima kwa nguvu, nikamkumbusha sisi wenyewe tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni akitia mguu Zanzibar anakata bima ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar, hata kama ana yake nzuri kutoka kwao. Akafikiri kidogo. "Hiyo ni sawa," akasema. "Wale ni watalii."

Tulikuwa na njia nyingine, na kwa muda ilionekana ndo yenyewe. Kuna viza ya O tupu, bila A, ambayo unaingia nayo, afu unaomba uhamiaji wa huko huko wakuongezee mwaka kwa sababu ya kustaafu, na kwa njia hiyo hawadai bima. Rafiki yake wa madini ndo anaishi hivyo miaka yote. Ila hela yako, zile 800,000, lazima ziwe kwenye benki ya Thailand, zikae miezi miwili kabla ya kuomba, ukishapata zikae mitatu mingine bila kuguswa, na baada ya hapo mwaka mzima zisishuke chini ya 400,000. Baba mdogo akasema safi sana, hiyo hela si ndo bima yangu, nikiumwa nachomoa. Nikachukua kalamu, hapo sasa ni kwenye kazi yangu. Ukichomoa ukatibiwa, mwaka unaofuata huna 800,000 na viza imekufa. Usipochomoa ili kulinda viza, umekufa wewe. Ni hela moja imepewa kazi mbili na haiwezi kuzifanya zote siku moja. Kama una milioni sitini za uhamiaji na nyingine mia, mia mbili za hospitali pembeni ambazo hazina kazi, nenda, tena nenda na amani. Kama unazo hizo hizo, we huna bima, una picha ya bima.

Kikao cha mwisho alikuwepo na mtoto wake mkubwa, na mama mdogo akauliza swali lake la pili tangu habari hii ianze.

"Akifia huko?"

Kimya. Mnatujua sisi. Mtu wetu hazikwi popote, anazikwa Kibosho kwenye kihamba, shamba la ukoo, kwa baba yake, hata kama amekaa Dar miaka arobaini, na msiba unaondoka na mabasi. Nikarudi kwenye makaratasi. Masharti ya O-A yote yanaongelea matibabu, kurudisha mwili hakudaiwi, na kwenye mkataba wa ile kampuni ya tatu kurudisha mwili kulikuwa kwenye kipengele cha kuongeza, kina bei yake, na hakihusu kifo kilichotokana na vile vilivyotolewa. Yaani akifa kwa moyo hata jeneza liko juu yetu. Bangkok mpaka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mtoto wake akaanza kuulizia mzigo wa ndege kwa kilo unachajiwaje, akaacha mwenyewe katikati ya sentensi.

Baba mdogo hakusema kitu siku hiyo. Alichukua bahasha yake akarudi chumbani.

Wiki mbili baadae akanipigia, hana salamu ndefu, akasema amekata tiketi, ya kwenda na kurudi. Viza ya utalii, siku 60, maombi nimemfanyia mimi mtandaoni, siku hizi balozi zao zote zimeingia kwenye mfumo mmoja wa viza wa mtandao, nikapakia picha yake mara nne maana inakataa kivuli. Bima ya safari tumekata tena, ya kampuni nyingine, na safari hii nilimuuliza dalali maswali mpaka akachoka, tukapata yenye kulipia dharura hata ya ugonjwa wa zamani kwa kiasi fulani, kidogo, ila kipo kimeandikwa, na kurudisha mwili kimo. Kwa siku 60 ndo bima inayofaa, imetengenezwa kwa ajili hiyo. Alivyoisaini akaniuliza, mwakani akienda siku 60 nyingine itakuwaje. Nikamwambia tutakata nyingine, bei itakuwa imepanda kidogo. "Na mwaka wa kesho kutwa?" Imepanda tena. Akaitikia kwa kichwa kama anayekubaliana bei ya mzigo.

Tumemsindikiza Alhamisi, Terminal 3. Koti kavaa la suti, viatu vya wazi maana sukari haitaki viatu vya kubana. Mama mdogo hakuaga sana, alimfungulia begi la mkononi pale pale kwenye kiti akamuonyesha dawa, kila wiki ameifunga kwenye mfuko wake na ameandika kwa peni, na barua ya daktari juu. Mi nikahesabu kimoyomoyo, kazi haiachi mtu, siku 60 ni wiki nane na siku nne. Mifuko ilikuwa kumi.

"Mama mdogo, umezidisha."

"Sijazidisha," akasema, akafunga zipu. "Hizo za ndege ikichelewa."